Namba Unayoiandika Mwenyewe: Hotuba kuhusu Kiasi cha Bima ya Nyumba

Hotuba iliyotolewa Morogoro kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama wa ushirika wa akiba na mikopo

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa Bodi, ndugu wanachama: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii kabla ya chakula cha mchana, ingawa najua kwamba msemaji anayetangulia chakula huhesabiwa dakika. Nimeombwa nizungumzie bima ya nyumba. Kwa kuwa katika kazi yangu ya ukadiriaji majenzi, yaani kupima majengo na kukokotoa gharama za kuyajenga, nimekuwa nikiitwa mara kwa mara kupima nyumba zilizoungua au kubomoka, ili kampuni ya bima ijue ilipe kiasi gani, nimemwomba Mwenyekiti ruhusa ya kulibana somo hili mpaka libaki swali moja tu: mtu akishaamua kukatia nyumba yake bima, aandike shilingi ngapi?

Ni wachache wanaoliuliza swali hili, kwa sababu fomu yenyewe hulifanya lionekane dogo. Wakala anauliza, "Tuandike ngapi?" Mteja anatazama dari kidogo, anataja namba, wakala anaijaza, ada inakokotolewa na hati inatoka. Hakuna anayekuja na futi kamba. Kampuni huipokea namba hiyo kama ulivyoitaja, kwa sababu ni wewe unayeijua nyumba yako, na kwa kawaida hakuna atakayeihakiki mpaka siku ya hasara. Siku hiyo ndipo ninapopigiwa simu mimi.

Niruhusuni nisimulie nyumba moja ya hapa hapa Kihonda, nikificha yale yanayoweza kumtambulisha mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya muuguzi mstaafu, ya vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na veranda, ambayo aliijenga taratibu kwa miaka minne mpaka 2011, kwa mtindo tunaoufahamu sote: mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali, mkopo unaofuata kupaua. Moto ulianzia darini, kwenye nyaya zilizounganishwa na fundi aliyepita kuongeza taa za urembo, usiku ambao mwenyewe alikuwa amelala kwa binti yake. Nilifika siku ya tatu. Kenchi zilikuwa zimebaki mbavu nyeusi, bati la msauzi limejikunja, na jipsamu yote ilikuwa imeangukia vitanda na kulowa maji ya zimamoto mpaka ikawa kama uji mweupe uliogandamana na magodoro. Marumaru za sebuleni zilikuwa zimepasuka kwa joto, zikawa zinalia chini ya viatu. Mama yule alinifuata chumba hadi chumba akiwa ameikumbatia bahasha ya kaki yenye hati ya bima, na kila nilipoandika kipimo aliniuliza kama hicho nacho kimo. "Kimo, mama," nilimjibu, na nilikuwa nasema kweli.

Tatizo halikuwa katika kilichomo na kisichokuwamo. Lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, mahali palipoandikwa kiasi cha bima: shilingi milioni 48. Nilipomuuliza namba hiyo ilitoka wapi, alinionyesha daftari lake la ujenzi, ambalo kwa bahati lilikuwa kabatini kwa binti yake, lenye kila mfuko wa saruji na kila siku ya fundi, na jumla ya matumizi yote mpaka 2011 ilikuwa pungufu kidogo ya milioni 48. Nimeona wahasibu waliosomea kazi hiyo wakitunza hesabu vibaya kuliko mama yule. Alikuwa ameandika kwenye fomu kile alichokitumia, na kila mwaka alikuwa akihuisha bima kwa kiasi kile kile bila kukosa hata mara moja.

Nilipokaa na vipimo vyangu na bei za vifaa za mwaka wa moto, gharama ya kuijenga nyumba ile upya ilifika milioni 120, na uharibifu uliosababishwa na moto, kwa kuwa kuta nyingi zilisalimika, ulikuwa wa milioni 50. Yeye alitarajia kupata milioni 48, karibu hasara yote. Alilipwa milioni 20, tena kabla ya kupunguzwa kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe. Alisema ameibiwa, na majirani wakakubaliana naye. Hakuibiwa. Hesabu iliyotumika ilikuwa imeandikwa kwenye hati, katika ukurasa ambao sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumfungulia na kumweleza, na hilo la kutoelezwa ndilo ningependa lilalamikiwe.

Hesabu hiyo ni kanuni ya uwiano, ambayo watu wa bima wenyewe huiita averaji, na inakwenda hivi. Ukikatia bima sehemu tu ya thamani ya nyumba, unahesabiwa kuwa umejikatia mwenyewe bima ya sehemu iliyobaki, kwa hiyo kila hasara, hata ikiwa ndogo, mtagawana kwa uwiano huo huo. Milioni 48 kwa nyumba ya milioni 120 ni asilimia 40. Basi kampuni hubeba asilimia 40 ya hasara na mwenye nyumba asilimia 60, na asilimia 40 ya milioni 50 ni milioni 20. Watu wengi hudhani kwamba kiasi kilichoandikwa ni kama ndoo, kwamba hasara yoyote isiyoijaza ndoo hulipwa yote. Kumbe hata dirisha moja likiungua, litapitishwa kwenye uwiano huo. Baadhi ya hati hulegeza kidogo na kusema kwamba kanuni haitatumika iwapo kiasi cha bima kinafika asilimia 80 au 85 ya thamani. Tazameni kama zenu zina maneno hayo, na kama hayamo, chukueni kwamba mnatakiwa kufika asilimia 100.

Mtaniuliza alikuwa ameokoa nini. Tuseme kiwango cha ada ni shilingi 2 kwa kila shilingi 1,000, mbali na kodi. Kwa milioni 120 angelipa shilingi 240,000 kwa mwaka, na kwa milioni 48 alilipa shilingi 96,000. Tofauti ni shilingi 144,000, yaani shilingi 12,000 kwa mwezi, na upande wa pili wa mizani zipo milioni 30 alizozikosa. Nakiri kwamba kwa pensheni ya muuguzi hizo elfu 12 zina kazi nyingine, lakini yeye hakupewa nafasi ya kuzipima hizo mbili na kuchagua.

Sasa tuulizane namba sahihi inatoka wapi. Namba iliyo karibu na midomo ya wengi ni bei ya kuuza. Mtu anasema, "Nyumba yangu haipungui milioni 300, kuna mtu alishanifikia kwa bei hiyo." Huenda ni kweli, lakini mnunuzi yule alikuwa akinunua na kiwanja, barabara iliyo karibu, maji na umeme, na majirani. Kiwanja hakiungui. Na kwa sheria zetu ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, kwa hiyo ulicho nacho ni hati ya kuimiliki kwa muda, ambayo itakuwapo hata kama nyumba imegeuka majivu. Mwenye nyumba ya kawaida Mbezi Beach, pale ambapo kiwanja kinaweza kuwa na bei kuliko jengo, akiandika bei ya soko anakuwa analipia ada ya udongo kila mwaka. Hatapata ziada yoyote siku ya hasara, kwa sababu bima hurudisha ulichopoteza na haimtajirishi mtu, na hata ukikata bima mbili kwa kampuni mbili, zitachangiana kulipa hasara ile ile moja.

Lakini hapa kwetu hatari kubwa iko upande wa pili, na nadhani wengi wenu mnayo nyumba ya namna hii. Mfikirieni mwanachama mwenye nyumba kijijini, Rombo au Marangu, amejenga kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo alilorithi, nyumba ya bati la kisasa, madirisha ya alumini, marumaru mpaka kibarazani, nyumba ya kukutanika ukoo wakati wa Krismasi. Bei yake ya soko ni ipi? Haipo. Kihamba hakiuzwi kwa mtu wa nje, na hata kama kingeuzwa, hakuna anayekwenda kijijini kununua nyumba ya mtu kwa gharama yake. Mthamini akiandika bei ya soko ataandika namba ndogo kwa haki kabisa, ilhali saruji ya kuijenga upya imepandishwa mlimani kwa lori na fundi amelipwa kama kawaida. Huyu akiandika bei ya soko anajikata mwenyewe. Na kwa kuwa nyumba hizo hufungwa miezi mingi, naomba niseme jambo la pembeni: hati nyingi hupunguza au kuondoa kinga kwa nyumba iliyoachwa bila mtu zaidi ya idadi fulani ya siku, mara nyingi 30, kwa hiyo mwambieni wakala mapema kwamba nyumba huwa tupu, na ajibu kwa maandishi.

Namba nyingine ni deni la benki. Benki inapotoa mkopo wa nyumba hutaka nyumba iwe na bima, na mara nyingine huishughulikia bima hiyo yenyewe na kukata ada pamoja na rejesho. Mkopaji hutulia akidhani nyumba imekingwa. Ombeni nakala ya hati hiyo msome kiasi kilichoandikwa, kwa sababu benki inataka kwanza usalama wa fedha yake, na kiasi kinaweza kuwa kimefuata mkopo bila kufuata nyumba. Kisha kumbukeni kwamba siku ya rejesho la mwisho, siku ile ya kuchinja kuku, huenda bima nayo ikawa imefika mwisho wake bila mtu kuwaambia.

Namba inayotakiwa ni gharama ya kuijenga nyumba ile ile, mahali pale pale, kwa bei za leo na fundi wa leo, ukianza na kiwanja chenye kifusi. Njia rahisi ya kuikaribia ni kupima eneo la nyumba kwa nje ya kuta, ukazidisha urefu kwa upana, ukapata mita za mraba, kisha ukazidisha kwa gharama ya mita moja ya mraba kwa nyumba ya ubora kama wako katika mji wako. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mita za mraba 120; kama ujenzi wa aina hiyo kwenu unagharimu shilingi milioni 1 kwa mita, basi una milioni 120. Gharama ya mita moja msiichukue mtandaoni wala kwa shemeji aliyejenga Dodoma miaka mitano iliyopita. Muulizeni mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mtadhani najitafutia wateja, na sitabisha sana, ila ada ya kukadiriwa nyumba ya kuishi mara moja ni ndogo, na ile ripoti ndiyo ngao yenu siku mtu atakapodai kwamba mlitaja kiasi kidogo.

Baada ya jengo kuna vitu ambavyo karibu kila mtu huvisahau. Kifusi kinaondolewa kwa fedha. Ramani mpya na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri vinalipiwa. Nje ya nyumba kuna ukuta wa fensi na geti, kisima, mnara wa simtanki, shimo la maji taka, banda la uani, na siku hizi paneli za sola juu ya bati. Nimewahi kupima nyumba ambayo fensi yake, kwa urefu na nondo zilizomo, ilifika robo ya gharama ya nyumba yenyewe, na kwenye hati fensi haikuwa imetajwa hata kwa neno moja. Kama kitu hakimo kwenye maelezo ya kilichokatiwa bima, msitarajie huruma.

Pia someni namna ya kulipa. Ziko hati zinazolipa thamani baada ya kutoa uchakavu, maana yake bati la miaka 15 litalipwa kama bati la miaka 15, ilhali dukani hakuna anayewauzia bati kuukuu. Na ziko hati zinazolipa gharama ya kujenga kwa vifaa vipya, kwa sharti kwamba ujenge kweli. Hii ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba ya kuishi, lakini ina mtego wake: thamani inayopimwa inaweza kuwa ile ya wakati wa kujenga upya, ambao unaweza kufika mwaka mzima au zaidi baada ya kukata bima. Kwa hiyo kwenye ile namba ya leo ongezeni kiasi cha kupanda kwa bei katika kipindi hicho, au ombeni kifungu kinachopandisha kiasi cha bima chenyewe kadiri mwaka unavyosonga.

Kiasi sahihi hakisaidii kitu kama janga lililokupata halimo. Hati ya msingi ya moto kwa kawaida hushughulikia moto na radi na mlipuko wa gesi ya nyumbani, na mengine huongezwa kwa kutajwa: tetemeko, dhoruba, mafuriko, bomba kupasuka, gari kugonga ukuta. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, na Bukoba ikajaa nyumba zilizopasuka au kuanguka kabisa. Moto mara nyingi huuacha msingi na kuta, kama nilivyoona Kihonda, lakini tetemeko huanzia kwenye msingi, kwa hiyo anayeishi kwenye ukanda wa Bonde la Ufa ahesabu msingi na jamvi la zege la sakafu kwenye kiasi chake bila kupunguza, kisha ahakikishe kwamba neno "tetemeko" limeandikwa. Sisi wa Morogoro tunaikumbuka Kilosa ilivyozama mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na ndugu zetu wa Katesh walipata tope la Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023. Mwenye nyumba karibu na mto au chini ya mlima aulize kuhusu maji na kuhusu tope la kuporomoka kwa maswali mawili tofauti, kwa sababu kampuni inaweza kulikubali moja na kulikataa jingine.

Vyombo vya ndani vina kiasi chake, na nitavipitia haraka. Tembeeni chumba hadi chumba na simu, mkipiga picha huku mkitaja bei ya kununua kipya, mkifungua na kabati, maana nguo na vitenge vya mama mwenye nyumba vikijumlishwa huwashangaza waume. Tumeni picha hizo kwa mtoto aliye mbali. Vitu vya thamani kubwa, kama dhahabu, huwa na kikomo chao kwa kila kimoja mpaka viorodheshwe peke yake. Ongezeni, kama kampuni inatoa, kodi ya pango la muda mtakaokuwa mkijenga; muuguzi wangu wa Kihonda alipanga chumba na sebule kwa miezi kumi na minne.

Kama ada inawazidi, msipunguze kiasi cha bima. Pandisheni kile kiasi cha kwanza cha hasara mnachojibebea, ili kampuni isiwasaidie kwa kitasa na kioo, bali iwasaidie kwa paa. Kioo tutakikopa hapa ushirikani.

Wakala mhakikini kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, daini stakabadhi ya ada, na mkitofautiana na kampuni kuhusu fidia ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ya kupeleka malalamiko kabla ya kufikiria mahakama. Ila Msuluhishi naye ataanza kwa kusoma ukurasa wa kwanza, ile namba.

Namba hiyo lazima ihuishwe pia. Hati ni ya miezi 12, na nyumba zetu hazimaliziki: mwaka huu veranda imegeuzwa chumba, mwaka kesho uani kumeota vyumba viwili vya kupangisha. Kupangisha kwenyewe, au kufungua duka mbele ya nyumba, ni jambo la kuiarifu kampuni, kwa sababu mliomba bima ya makazi. Kila mnapopokea ujumbe wa kuhuisha, jibuni kwanza kama nyumba ni ile ile, kisha kama bei za saruji na nondo ni zile zile.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa jambo ambalo nilikuomba ruhusa asubuhi nilitaje mbele ya wanachama. Katibu alinionyesha hati ya bima ya jengo hili tulilomo. Kiasi kilichoandikwa ni kile cha mwaka tulipohamia, 2015, wakati hatukuwa na ghorofa hii ya juu tuliyoikalia. Futi kamba ninayo kwenye gari, na ningewaomba vijana wawili wanisaidie kushika ncha zake wakati chakula kinapakuliwa.